Orodha ya kasoro ilikuwepo: kisa cha maabara ya UCLA

Tarehe 30 Oktoba 2008, wakaguzi wa usalama wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ambacho wengi tunakijua kwa kifupi cha UCLA, walipita katika maabara moja ya kemia ghorofa ya nne. Walitoka na kasoro zaidi ya kumi na mbili kwenye karatasi. Mojawapo ni ya kawaida kiasi kwamba yeyote aliyewahi kusoma kemia ataitambua: watu walikuwa wanafanya kazi bila koti la maabara. Orodha ikapelekwa kwa mwenye maabara pamoja na muda wa kurekebisha, mwanzoni mwa Desemba. Muda ukapita. Maabara ilikuwa mbioni kuhamia vyumba vingine vilivyokuwa vinakarabatiwa, hivyo ikaonekana ni busara ukaguzi wa marudio ungoje watu wahame kwanza.

Tarehe 29 Desemba mwaka huohuo, Sheharbano Sangji, ambaye wengi walimwita Sheri, aliungua ndani ya maabara hiyo. Alikuwa na miaka 23, na mwilini alikuwa na sweta badala ya koti. Alifariki tarehe 16 Januari 2009.

Kisa hiki kimeandikwa sana huko Marekani, na mara nyingi mjadala huishia kwenye swali moja: kosa la profesa, au kosa la binti mwenyewe? Kwangu mimi swali hilo ni dogo mno kwa kisa chenyewe. Kinachonishughulisha ni ile miezi miwili kati ya ukaguzi na moto. Ndani yake kulikuwa na mtafiti, wenzake wa maabara, profesa, kitengo cha usalama, idara na uongozi wa chuo. Kila mmoja alikuwa na kipande chake cha wajibu. Hakuna aliyeonekana kutupa cha kwake, na bado havikukutana.

Kazi yenyewe ilikuwa nini

Sangji alikuwa ametoka kuhitimu shahada ya kwanza ya kemia katika Chuo cha Pomona mwaka huo. Alifanya kazi kwa muda mfupi katika kampuni ya kemikali za dawa, kisha Oktoba akaajiriwa UCLA kama mtafiti msaidizi. Hakuwa mwanafunzi wa chuo hicho. Alikuwa mfanyakazi anayelipwa mshahara. Jambo hilo dogo lilikuja kuwa na uzito mkubwa baadaye. Lengo lake lilikuwa kwenda kusoma sheria. Profesa aliyemwajiri, Patrick Harran, naye alikuwa mgeni: alihamia UCLA majira ya kiangazi ya 2008 na alikuwa anaijenga timu yake upya.

Kemikali aliyokuwa akiishughulikia siku ile inaitwa tert-butilithiamu. Huuzwa ikiwa imeyeyushwa ndani ya pentani, kimiminika chepesi kinachoshika moto kwa urahisi. Ubaya wa tert-butilithiamu ni kwamba haihitaji cheche. Ikigusana na hewa inawaka yenyewe. Kwa hiyo chupa yake ina mfuniko wa mpira unaotobolewa kwa sindano, na kila kitu hufanyika chini ya gesi isiyoungua, kama agoni au naitrojeni, ili hewa isipate upenyo.

Njia ya kuihamisha inategemea kiasi. Ukitaka mililita chache, bomba la sindano linatosha, ilimradi sindano iwe ndefu ya kufika kwenye kimiminika chupa ikiwa imesimama, na bomba liwe kubwa kuliko kiasi unachovuta. Ukitaka kingi, wakemia hutumia mrija mwembamba wa chuma wenye ncha mbili, na msukumo wa gesi ndio unaopeleka kemikali kutoka chupa hadi chupa. Mkono wa mtu hauvuti chochote.

Sangji alihitaji karibu mililita 160. Alikuwa amefanya jaribio hilo mara moja Oktoba kwa kiasi kidogo, na safari hii lilikuwa limekuzwa takriban mara tatu. Alitumia bomba la plastiki la mililita 60 lenye sindano fupi, akivuta kwa awamu. Anayetumia sindano fupi analazimika kuinamisha chupa, kushika bomba kwa mkono mwingine na kuvuta pistoni huku bomba likielekea kujaa. Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu ripoti nyingi hulipita kwa sentensi moja, kama vile ajali ilitokea tu. Ukilitazama bomba lile mkononi unaona kwamba pistoni kuchomoka lilikuwa jambo la kutarajiwa. Na ndivyo ilivyokuwa. Pistoni ilichomoka, kemikali ikamwagika, ikawaka mikononi na kwenye sweta la nyuzi za viwandani. Kando yake, ndani ya kabati la kunyonya hewa, kulikuwa na chupa ya heksani, kimiminika kingine kinachoshika moto kwa urahisi, iliyo wazi. Nayo ilipinduka, ikashika moto.

Mikononi alikuwa amevaa glavu nyembamba za nitraili, zile zinazokinga dhidi ya matone ya kemikali lakini si moto.

Mtafiti mwenzake aliyekuwa karibu alikimbia, akajaribu kuuzima kwa koti lake la maabara. Wakamketisha sakafuni, wakammwagia maji ya sinki, wakaita msaada wa dharura. Bafu la dharura lilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Halikutumika. Aliungua takriban asilimia 43 ya mwili.

Hilo la bafu huwa linanikera kuliko sehemu nyingine yoyote ya kisa hiki, na si kwa kuwalaumu wale waliokuwepo. Mtu anayeona mwenzake akiwaka moto hana nafasi ya kufikiri. Anafanya kile ambacho mwili wake umezoea kufanya. Kama hajawahi kuvuta ule mnyororo wa kufungulia bafu hata siku moja kwa mazoezi, hatauvuta siku hiyo. Chuo kilikuwa kimelipia bafu, kimelifunga ukutani, pengine kimelikagua kama linatoa maji. Kipande cha vifaa kilitimizwa. Kipande cha mazoezi hakikuwa cha mtu yeyote aliyeweza kutajwa.

Nani alikuwa na nini mkononi

Tuanze na Sangji mwenyewe, maana hata sheria huanzia kwake. Mfanyakazi ana wajibu wa kujilinda na kuvaa vifaa anavyopewa. Angeweza kuvaa koti. Angeweza kuuliza kuhusu bomba. Wanaomlaumu husema alikuwa mkemia mwenye shahada na uzoefu, na chuo nacho kiliegemea hoja hiyo mwanzoni. Lakini wajibu wa mfanyakazi hauwezi kuzidi kile alichofundishwa. Wakaguzi wa serikali walipotafuta rekodi ya mafunzo yake juu ya kemikali ile, hawakuikuta. Mtu mwenye miaka 23, miezi isiyofika mitatu kazini, katika chumba ambacho watu wanaonekana wakifanya kazi bila koti, anajifunza kwa kutazama. Alichotazama ndicho alichofanya.

Profesa alikuwa na kipande kizito zaidi, na sina haja ya kukipamba. Ndiye aliyeajiri, aliyepanga kazi, aliyejua ni kemikali gani inatumika na kwa kiasi gani. Ndiye pia aliyepokea orodha ya kasoro. Utetezi wake siku zote ulikuwa kwamba alimwona Sangji kuwa mtu mwenye ujuzi, na kwamba hakukusudia kuvunja kanuni yoyote. Naweza kuamini hilo. Maprofesa wengi hujiona kama wakuu wa timu za watu wazima waliosoma, na neno “msimamizi wa kazi” huwakaa vibaya. Ila kwa mtazamo wa sheria ya kazi, huyo ni msimamizi kama msimamizi wa karakana yoyote, na anayesimamia anatakiwa ajue vijana wake wanashika nini na wanakishikaje.

Halafu kuna wenzake wa maabara. Hawa hutajwa kidogo mno. Katika maabara za utafiti mafunzo halisi hayatolewi na profesa. Hutolewa na mtafiti mwenye PhD anayefanya kazi meza ya pili. Yeye ndiye anayemwonyesha mgeni jinsi ya kushika bomba, na akishika vibaya, ubaya huo hurithiwa. Hakuna mkataba wa ajira unaomwambia kwamba hiyo ni kazi yake.

Sasa tufike kwa kitengo cha usalama, ambako ndiko nadhani kisa hiki kilipoamuliwa. Wakaguzi walifanya kazi yao. Waliingia, wakaona, wakaandika, wakatuma. Kwa vigezo vya taasisi nyingi hao wangepewa alama nzuri. Lakini ni sawa na trafiki aliyesimamisha basi lenye breki mbovu, akaandika kwenye daftari, kisha akaliruhusu liendelee na safari kwa sharti kwamba breki zitengenezwe kabla ya mwezi kuisha. Kitengo kilijua. Kilichokosekana ni uwezo wa kusema: hapa hapafanyiwi kazi tena mpaka nitakaporudi. Au kama uwezo huo ulikuwepo mahali fulani kwenye karatasi, hapakuwa na mazoea ya kuutumia dhidi ya profesa anayeleta fedha za utafiti chuoni.

Na ile sababu ya kuahirisha, kwamba maabara inahama, nimeiona katika sura nyingi. Jengo linakarabatiwa, bajeti inasubiriwa, mkuu mpya anakuja mwezi ujao. Ni sababu za kweli, wala si uongo. Tatizo lake ni kwamba kasoro ya koti haihusiani na jengo. Koti linavaliwa popote. Kwa kuliweka kwenye kapu moja na kasoro za mabomba na makabati, jambo la kurekebishwa asubuhi moja likapewa muda wa mradi wa ujenzi.

Tarehe nayo ina lake la kusema. Desemba 29 iko katikati ya Krismasi na Mwaka Mpya, chuo kikiwa likizo. Korido tupu, ofisi zimefungwa. Utafiti hausimami, kwa sababu majaribio na matokeo havina likizo, lakini usimamizi unasimama.

Sheria ilipoingia

Mei 2009 wakala wa usalama kazini wa jimbo, Cal/OSHA, uliitoza UCLA faini ya dola 31,875 kwa makosa matatu mazito: kutokuwa na uthibitisho wa mafunzo, kutorekebisha hali hatarishi zilizokwisha kubainishwa, na kutohakikisha watu wanavaa mavazi stahiki. Kosa la pili ndilo la kulitazama. Ile orodha ya Oktoba, iliyotengenezwa na chuo chenyewe kwa nia njema, ikageuka ushahidi dhidi ya chuo. Kuna wasimamizi ambao wakisikia hivyo hufikia hitimisho baya kabisa, kwamba bora kutokagua ili kusiwe na karatasi.

Familia ya Sangji haikuridhika na faini, na iliendelea kudai hatua zaidi. Uchunguzi wa pili ukafanyika, na tarehe 27 Desemba 2011 mwendesha mashtaka wa Los Angeles akafungua kesi ya jinai dhidi ya Harran na dhidi ya bodi inayosimamia Chuo Kikuu cha California chote. Ilikuwa mara ya kwanza Marekani kwa profesa kufikishwa mahakamani kwa jinai kutokana na ajali ya maabara ya chuo. Maprofesa wa kemia nchi nzima walianza kutazama maabara zao kwa jicho jingine, na wengine hawakuficha hasira yao.

Mwisho wa kesi ulikuja kwa makubaliano. Julai 2012 mashtaka dhidi ya bodi yalifutwa, baada ya bodi kukubali kubeba wajibu wa hali iliyokuwa maabarani, kuweka mpango mpana wa usalama katika maabara za kemia za kampasi zake zote, na kutenga dola 500,000 kwa ufadhili wa masomo ya sheria kwa jina la Sangji katika kampasi yake ya Berkeley. Juni 2014 Harran naye aliingia makubaliano ya kuahirisha mashtaka: alipe dola 10,000 kwa kituo cha majeruhi wa moto alikotibiwa Sangji, na afanye saa 800 za kazi za jamii. Alikubali wajibu wa mazingira ya maabara yake bila kukiri hatia, na mashtaka yalifutwa rasmi mwaka 2018. Familia iliona adhabu hiyo ni nyepesi kupindukia.

Mimi sina hakika kwamba jela ingefundisha zaidi. Nina hakika kwamba bila jina la mtu kwenye hati ya mashtaka, makubaliano ya bodi yasingepatikana kwa masharti yale. Tangu ajali, UCLA iliongeza idadi ya ukaguzi, ikanunua makoti yasiyoshika moto kwa urahisi, ikafupisha muda wa kurekebisha kasoro nzito, na miongozo iliyokuwa ya hiari ikaifanya amri. Mwaka 2011 ikaanzishwa taasisi nzima ya kutafiti usalama wa maabara ndani ya Chuo Kikuu cha California. Hayo yote yangewezekana Novemba 2008.

Hapa ndipo lile suala la mshahara linaporudi. Cal/OSHA ilikuwa na nguvu juu ya kisa hiki kwa sababu Sangji alikuwa mwajiriwa. Kama angekuwa mwanafunzi anayefanya jaribio la masomo yake, kwenye meza ileile, na chupa ileile, sheria ya kazi isingemhesabu. Chuo kikuu ni mahali pa kazi pa ajabu kwa namna hiyo: wanaoshika hatari nyingi zaidi mara nyingi ndio ambao sheria haiwaiti wafanyakazi.

Hili si la California peke yake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya mwaka 2003, na ile ya Kenya ya 2007, zote zinagawa wajibu pande mbili: mwajiri atengeneze mazingira salama, mfanyakazi ajilinde na awalinde wenzake. Ile ya Kenya inataka kamati ya usalama panapokuwa na watu 20 au zaidi kazini. Inaongeza kwamba mfanyakazi akiripoti hatari kubwa kwa msimamizi wake, mwenye mahali hapo haruhusiwi kumlazimisha arudi wakati hatari hiyo bado ipo. Ni kifungu kizuri. Nakipenda kwa sababu kinampa mtu wa chini kitu cha kufanya, si kitu cha kukumbuka tu. Lakini jiulize kama fundi wa maabara anayeandaa vitendo vya wanafunzi mia atakitumia mbele ya mhadhiri mwandamizi, au kama mwanafunzi wa uzamili anajua kinamhusu au hakimhusu.

Siku chache tu kabla ya kutimia mwaka mmoja tangu kifo cha Sangji, tarehe 7 Januari 2010, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas Tech alipoteza vidole vitatu na kujeruhiwa jicho alipokuwa anasaga kemikali inayolipuka. Kikomo cha maabara kilikuwa miligramu 100. Kilikuwa kimetamkwa tu kwa mdomo, wala hakikuandikwa popote. Yeye na mwenzake walitengeneza karibu gramu 10. Bodi ya Usalama wa Kemikali ya Marekani ilichunguza na kutoa ripoti Oktoba 2011, na ikagundua kwamba maabara hiyo ilikuwa imeshaponea chupuchupu siku za nyuma bila yeyote kuweka kumbukumbu ya kufanyia kazi.

Katika mambo iliyoyasisitiza, bodi hiyo ilisema wanaosimamia usalama chuoni wawe wanaripoti moja kwa moja kwa mtu anayejulikana, mwenye mamlaka ya kutosha kulazimisha marekebisho. UCLA ya 2008 ilikuwa na mkaguzi, ilikuwa na orodha, ilikuwa na tarehe ya mwisho. Mtu wa namna hiyo angeuliza Desemba 5, siku ya mwisho ya kurekebisha, mbona orodha ile haijarudishwa, na funguo za maabara zingekuwa mezani kwake wakati wa Krismasi.